Kibao Kilichogeuzwa Uso

Waliambiwa warudi nyuma. Hakuna aliyewauliza wanatoka wapi, wanatafuta nini, wala ni nani yule aliyeketi kiti cha abiria akiwa ameukumbatia mguu wake wa kushoto kama mzigo wa mtu mwingine. Mlinzi wa lango la hoteli aliinua kiganja kabla gari halijatulia, akakizungusha hewani kama anayefuta ubao: geuzeni, nendeni zenu. Kilikuwa kizuizi cha nne katika siku tatu. Cha kwanza kilikuwa ukuta wa matofali uliokatisha njia kana kwamba njia haikuwahi kuzaliwa. Cha pili kilikuwa mgahawa uliotandaza viti vyake juu ya kijia, na mhudumu aliyesema kwamba kupita ni kwa wanaokula tu. Cha tatu kilikuwa mawe matatu makubwa kama ng'ombe waliolala, yaliyosukumwa pale na tingatinga. Na nyuma ya kila kizuizi bahari ilikuwepo, inasikika, inanukia, haina habari na mtu.

Mwanamke aliyeshika usukani hakurudi nyuma. Alivuta breki ya mkono, akazima injini, akashusha kioo.

"Shikamoo, mama. Hapa hapaegeshwi."

"Marahaba, mwanangu. Sijaegesha. Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Kibao chako."

Mlinzi aligeuka akakitazama kibao kana kwamba nacho kimemkosea adabu. Kilikuwa kimefungwa kwa nati kwenye ukuta wa lango, herufi nyekundu juu ya rangi nyeupe: MALI BINAFSI. HAKUNA NJIA.

"Si kimeandikwa wazi, mama?"

"Kimeandikwa vibaya. Hiyo J imelala kama mlevi. Lakini si herufi ninazozisoma."

Ili ijulikane alikuwa anasoma nini, ni lazima tumtoe langoni kwa muda, tumrudishe karakana.

Mtaani kwao wanamwita Mama Vibao. Kwa miaka ishirini na saba alitengeneza vibao vya barabara katika karakana ya serikali, jengo refu la bati lenye madirisha yaliyokwama nusu, ambamo harufu ya rangi iliingia kwenye nguo hata sabuni ikasalimu amri. Miaka saba ya mwanzo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wafagiaji. Alikata bati, alipiga msasa, alipaka rangi ya msingi, alichora kona kali, watoto wanaovuka na mawe yanayoporomoka. Lakini karatasi zilisema anafagia, kwa kuwa mkuu wa karakana aliamini kwamba mwanamke akiandikwa fundi, mafundi wengine watavunjika moyo. Alipokwenda kulalamika, mkuu alimuuliza, "Kwani ufagio unakuuma?"

"Hauniumi, mzee," alijibu. "Ila nimeuchoka. Huu hapa, ukae nao wewe."

Akauegemeza mezani pake, akarudi kwenye rangi zake. Wiki mbili ufagio ule haukuguswa na mtu. Vumbi lilipofika kwenye mafaili ya mkuu mwenyewe, orodha ikabadilishwa.

Alikuwa na taratibu zake mbili ambazo wenzake walizicheka. Kwanza, kona za vibao vyake hazikuwa kali. Alizichora kwa kuzungusha kalamu kwenye mfuniko wa kopo dogo la rangi, kisha akazikata kwa mkono, kwa sababu aliwahi kumwona mtoto aliyepasuliwa paji la uso na kona ya kibao kilichoanguka. Pili, kila kibao alikipiga namba kwa nyuma. Hakuiandika kwa rangi, kwa kuwa rangi hufifia. Aliigonga kwa tindo na nyundo, tarakimu moja moja, mpaka bati likabonyea: kilomita ya ngapi, upande gani wa barabara, kibao cha ngapi. Namba hiyohiyo aliiandika kwenye daftari la vibao. "Kibao kikipotea," alizoea kusema, "nataka kiweze kurudi nyumbani chenyewe."

Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na jina la Mzee Cheche alilipata kazini, lisitoke tena. Miaka minne kabla ya kuugua alinunua gari kuukuu la kusambaza mikate, akaliingiza uani, akaanza kulifanya nyumba. Aliinua paa kwa shubiri tatu, akatoboa madirisha, akafunga tangi la maji, jiko la mafiga mawili ya gesi, meza inayokunjwa na kitanda. Majirani walipoliona limepakwa rangi nyeupe, refu, limesimama wima, walilibatiza Kabati. Na Kabati likawa jina lake.

Lilikuwa na kasoro moja tu, nayo ilikuwa ya kifundi. Siku ya kupima kitanda, mshika utepe alikuwa Mzee Cheche, kwa hiyo aliyelala chini apimwe alikuwa mkewe. Kitanda kikatoka sawasawa kwa kimo cha Mama Vibao. Mzee mwenyewe, ambaye ni mrefu kama nguzo, alipolala kwa mara ya kwanza, nyayo zake zilitokeza nje ya godoro zikagusa mlango wa nyuma.

"Umepima wewe," mkewe alimwambia huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Nimepima vizuri. Ni miguu imezidi."

Kisha kiharusi kikaja asubuhi moja, akiwa ameinama juu ya bomba, na miguu iliyokuwa imezidi ikapungua. Alijifunza upya kusema, kushika kijiko, kusimama. Mguu wa kushoto ulijivuta. Mtaalamu wa viungo hospitalini hakuwaficha: mguu ule ulikuwa unaaga polepole, na mwaka ujao huenda usimbebe kabisa. Mzee Cheche alisikiliza, kisha akasema jambo moja tu. Alitaka kuikanyaga bahari kwa miguu yake mwenyewe, maji yafike magotini, kabla miguu haijaacha kumtii. Hakutaka kubebwa wala kusukumwa kitini.

Ndiyo sababu ya safari. Mama Vibao, ambaye alikuwa ameendesha gari la karakana kwenye kila kona ya mkoa, alimweka mumewe kiti cha mbele, akafunga magongo nyuma ya kiti kwa mpira, wakaondoka.

Barabara ile ni nzuri, na uzuri wake si wa mwenye hoteli yeyote. Inapanda, inashuka, inajikunja kuzunguka rasi, inatoweka nyuma ya mwamba na kujitokeza tena ng'ambo ya ghuba, nyembamba kama uzi uliosahauliwa na mshonaji. Chini yake maji ni ya kijani karibu na mawe na ya buluu nzito kama wino mbali, na kati ya rangi hizo mbili kuna mstari wa povu usiotulia. Kabati lilikwenda taratibu. Vikombe viligongana kwenye kulabu zake, na magari ya nyuma yalipiga honi, yakapita, yakasahauliwa. Walisimama walipochoka, wakachemsha chai, wakala mkate kwa jamu mlango wa nyuma ukiwa wazi, upepo ukiwapepea kama wageni wa heshima.

Ila Mama Vibao hakuweza kupita kibao bila kukitolea hukumu. Hiki kimefungwa chini mno. Kile mshale wake unaelekeza watu shimoni. Penye kibao kilichofunikwa na kichaka alisimamisha gari, akashuka na mkasi wa jikoni, akakinyoa.

"Mke wangu," Mzee Cheche aliuliza, "tuko matembezini au kwenye ukaguzi?"

"Kula mkate wako."

Alijua njia za umma za kwenda ufukweni zilikuwa nne, kwa sababu vibao vyake vyote vinne alivitengeneza yeye. Tatu kati ya hizo zilikuwa za ngazi na mawe, na alizijaribu kwa matumaini tu. Ya nne ndiyo aliyoilenga tangu nyumbani. Mpima ardhi aliyeichagua, miaka kumi na tisa iliyopita, alikuwa ametafuta mteremko mpole ili mzazi mwenye kigari cha mtoto ashuke mpaka kwenye maji bila kuomba msaada. Kama kuna mahali ambapo mguu wa Mzee Cheche ungeweza kufika, ni pale. Na pale ndipo palipokuwa na lango, na mlinzi, na kiganja kinachofuta ubao.

Mama Vibao alishuka garini, akaliendea lango.

"Mama, tafadhali. Utanifukuzisha kazi."

"Sitaki kazi yako, mwanangu. Nataka kugusa bati tu. Kugusa nako kumekatazwa?"

Mlinzi alifikiri. Hilo hakuelekezwa. Mama Vibao alipitisha kidole gumba kwenye kona ya juu ya kibao: ilikuwa ya mviringo, sawa na mfuniko wa kopo dogo la rangi. Kisha alishuka kwenye pembe ya chini, akafumba macho, akapapasa rangi nyeupe. Chini ya rangi bati lilikuwa limebonyea. Saba. Mbili. Nafasi. Moja, ya upande wa bahari. Nafasi. Nne.

"Kilomita ya sabini na mbili, upande wa bahari, kibao cha nne," alisema. "Mwite mkubwa wako."

Meneja wa hoteli alikuja baada ya robo saa, kijana nadhifu mwenye simu ya upepo kiunoni na maneno yaliyopigwa pasi.

"Mama yangu, karibu sana. Nasikia kuna kutoelewana."

"Hakuna. Tunaelewana vizuri. Hii ni njia ya umma, nami nataka mume wangu apite."

"Kwa heshima zote, mama, hapa hapajawahi kuwa na njia. Mimi nipo hapa mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili," Mama Vibao alirudia, kwa upole. "Njia ina miaka kumi na tisa."

"Kuna ushahidi?"

"Umeufunga ukutani. Fungua nati nne tu."

Meneja alicheka. Wageni wawili waliokuwa wakitoka na mataulo mabegani walisimama kutazama, na huenda ni wao waliomfanya ajiamini kupita kiasi. "Kifungue," alimwambia mlinzi, "tuyamalize."

Mlinzi alikwenda kutafuta koleo. Sauti ikatoka dirishani mwa Kabati, nzito kidogo upande mmoja, lakini ya mtu aliyezoea kusikika katikati ya vyuma vinavyogongwa.

"Wee kijana! Koleo la nini? Utazila nati vichwa. Hiyo ni spana namba kumi na tatu. Njoo uchukue."

Nati zilitoka moja baada ya nyingine. Kibao kiligeuzwa. Kwa kuwa upande ule ulikuwa umelalia ukuta, haukuguswa na jua wala chumvi, na rangi yake ya buluu ilikuwa mbichi kama siku kilipotoka karakana. Juu yake, kwa herufi nyeupe zilizosimama wima, palisomeka: NJIA YA UMMA KWENDA UFUKWENI. Chini ya maneno palichorwa mtu anayesukuma kigari cha mtoto.

Wa kwanza kusema alikuwa mlinzi.

"Kumbe miaka mitatu nalinda kibao kisionekane."

Na tuseme wazi kilichofanyika pale, maana kina jina. Mtu fulani, mwenye ofisi na muhuri, hakuridhika kuifunga njia ya watu. Aliona hasara kutupa bati zuri. Akakigeuza kibao chenyewe, akakipaka rangi nyeupe mgongoni, akakilazimisha kiseme kinyume cha kile kilichotengenezwa kusema. Huo ni wizi, na mwizi wa namna hiyo hutegemea jambo moja: kwamba aliyekitengeneza hatapita tena.

Meneja alisogea kando, akazungumza kwa simu dakika kadhaa akiwapa mgongo. Aliporudi, maneno yake yalikuwa yamekunjamana.

"Mama, nimeongea na wakubwa. Habari za njia sina mamlaka nazo. Lakini nimemwona mzee, na mimi pia nina baba. Naomba muingie kama wageni wangu. Lango litafunguliwa, mlinzi atamshika mkono, mkae mnavyotaka. Ila kibao kirudi kilivyokuwa, na hili tuliache hapahapa."

Alisema kwa nia njema, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Mama Vibao alitazama ndani. Njia yake ilikuwa ile ile, imewekwa mawe mapya na maua pembeni, inashuka polepole kama alivyoikumbuka, hatua mia moja labda, na mwisho wake maji yalikuwa yanatanda na kurudi juu ya mchanga. Mwanamke huyu aliyempelekea mkuu wake ufagio alihisi moyo wake ukilainika kama rangi juani. Ni nani angemlaumu? Aligeuka kuelekea garini, mdomo umeshafunguka kusema asante.

"Hapana," alisema Mzee Cheche.

Alikuwa ameufungua mlango, ameshusha magongo, amesimama mwenyewe ameegemea bati la gari alilolijenga.

"Cheche, ni hatua mia moja. Utafika."

"Naona. Nina macho."

"Mguu huo hautakusubiri, baba."

"Haunisubiri hata nyumbani." Alipumua, akayapanga maneno yake kama alivyofundishwa hospitalini. "Nikishuka kwa hisani ya kijana huyu, nitakuwa nimeiona bahari yake. Mimi nimetoka nyumbani kuja kuiona yetu. Na kesho akija mwenye magongo mwingine, asiyekuwa na mke wa kusoma bati kwa vidole, yeye ataingia kama mgeni wa nani?"

"Mzee wangu, mimi nilitaka kusaidia," meneja alisema, na uso ulionyesha kwamba ni kweli.

"Umesaidia, mwanangu. Spana yangu irudi."

Mama Vibao alikipiga picha kibao mbele na nyuma, namba zionekane. Kisha alipima kwa hatua kutoka mstari wa katikati ya barabara mpaka kwenye nyasi, kama alivyopima maelfu ya mara akiwa kazini. Ukingo wa barabara ni wa barabara, na barabara ni ya umma. Alilisogeza Kabati hadi pale, magurudumu yote manne ndani ya haki, mita kumi na moja kutoka langoni. Akafungua mlango wa nyuma, akakunjua meza, akaweka birika jikoni.

Wamekaa pale tangu siku hiyo. Hawapigi kelele, hawamzuii mtu. Asubuhi Mzee Cheche hufanya mazoezi yake akishika vyuma alivyovichomelea mwenyewe ubavuni mwa gari, vyuma ambavyo alivifunga akidhani vitakuwa vya kuanikia taulo. Mama Vibao huandika barua. Wapita njia husimama, huuliza, hutazama picha ya kibao, huondoka wakitikisa vichwa. Wengine hutia sahihi kwenye barua. Mwalimu mmoja mstaafu alisema aliwahi kuwaleta wanafunzi wake kuogelea pale, akadhani ni uzee unamchanganya alipolikuta lango.

Siku ya tano, mlinzi, akitoka zamu, alikuja na ndoo. Aliiweka chini mbele ya kiti cha Mzee Cheche, akajifuta mikono kwa aibu kwenye nyasi.

"Nimeyachota mwenyewe, mzee. Nimeona nisikuache hivihivi."

Mzee Cheche alivua viatu, akaingiza mguu wa kulia, kisha kwa mikono miwili akaunyanyua wa kushoto na kuuingiza. Akayakoroga maji kwa mguu wa kulia.

"Chumvi ipo," alisema mwishowe. "Mchanga kidogo nauona. Mawimbi umeyasahau."

Walicheka wote watatu, na Mama Vibao akaingia ndani ya gari kutafuta sukari ambayo ilikuwa mezani nje, mbele ya macho yake.

Siku ya nane alipigiwa simu na idara ya barabara. Karani aliyempigia alikuwa na adabu.

"Mama, tumepokea barua zako tatu. Tunakuomba uwe na subira. Daftari la vibao linatafutwa."

"Halijapotea. Lipo stoo, rafu ya chini, mkono wa kushoto ukiingia. Jalada lake jekundu. Nililiweka mimi siku nilipostaafu."

"Ndiyo mama, lakini funguo za stoo ziko kwa mkuu wa idara."

"Na mkuu yuko wapi?"

Karani akashusha sauti. "Yuko kwenye semina." Akataja hoteli, kisha akakohoa, maana alitambua, kwa kuchelewa kidogo, kwamba ni hiyohiyo yenye lango.

Mama Vibao alichungulia dirishani. Magari meusi matatu yalikuwa yamepita langoni asubuhi ile, na hakuna kiganja kilichoinuliwa.

Leo ni siku ya kumi na moja. Wiki hii Mzee Cheche ameanguka mara mbili akifanya mazoezi. Hajalalamika, ila sasa hushika chuma kwa mikono yote miwili kabla ya kuinua unyayo, na mkewe, anayejifanya anaandika, humhesabia kimoyomoyo hatua anazopiga kabla ya kupumzika: jana kumi na nane, leo kumi na tano.

Kwa hiyo sisi tuliotia sahihi tunasema nawe, mkuu wa idara ya barabara, ambaye umekunywa chai yako ukitazama bahari kutoka ndani ya ukuta huo; nanyi madiwani mliopitisha ramani ya hoteli bila kuuliza mstari wa buluu unaoikata katikati ni wa nini; nanyi wenye hoteli, mlioagiza kibao kigeuzwe. Hatuombi mwaliko wala hatutaki kamati. Chukueni funguo za stoo, lifungueni daftari, mrudishe vibao vyote vinne mahali pake vikitazama barabarani, mbomoe ukuta, mwondoe viti, msukume mawe yale yarudi yalikotoka. Lakini kabla ya hayo yote, lifungueni lango la kilomita ya sabini na mbili. Lifungueni leo, mchana, watu wakiona, mlinzi akae kando, na mzee huyu ashuke kwa miguu yake wakati bado ina hatua kumi na tano.